Karatasi Isiyoita Jicho

Vijana wangu, mtu akikuletea karatasi ya shabaha yenye rangi tatu, maduara mengi na namba zinazong'aa kama bango la soda, mshukuru, ikunje vizuri, ukafunikie vitabu vya shule vya watoto wako. Kwa bunduki isiyo na darubini, karatasi ya kupendeza ni adui. Nasema hivyo bila kuumauma maneno. Karatasi za kupendeza nusura zinirudishe kwetu Kyuso na aibu, na karatasi tupu isiyo na kitu juu yake ndiyo iliyonipa kazi, mke na nyumba ya mabati.

Naitwa Musyoka. Kazi yangu ilikuwa kutunza shabaha katika kambi ndogo ya kufundishia walinzi wa wanyama, nje kidogo ya Mtito Andei. Kambi yenyewe haipo siku hizi, na pale palipokuwa uwanja wa kulengea pameota miiba mpaka huwezi kujua watu walikuwa wakilala pale kifudifudi wakibana pumzi. Tangu miaka ya sitini ikiisha hadi tisini ilipoingia, nilichemsha gundi, nikabandika karatasi, nikaziba matundu, nikabandika tena. Watoto wangu walidhani baba yao ni askari mkali. Mama yao aliwaambia ukweli: "Baba yenu anapigana na makaratasi, na makaratasi yanamshinda."

Kwanza mwelewe bunduki zenyewe. Zilikuwa za zamani, za mbao, nzito kama mchi. Karibu na jicho palikuwa na kibao chenye mwanya, na kule mwisho wa mtutu kichuma kidogo kilichosimama kama jino. Sisi tulikiita kijino. Ukilenga una vitu vitatu mbele yako: mwanya, kijino na shabaha. Jicho la binadamu haliwezi kuviona vyote vitatu vizuri kwa wakati mmoja, lazima lichague. Anayechagua shabaha hukosa. Anayechagua kijino, akaiacha shabaha iwe na ukungu, hupata. Ni jambo dogo kulisema, lakini nimeona wanaume wazima wakilia kwa ajili yake, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya upinde. Babu yangu alijulikana kaskazini yote ya Kitui kwa mishale yake, na alinifundisha kabla sijaota meno ya pili. "Mtazame kanga," alikuwa akisema, "mtazame mpaka uone unyoya mmoja. Mshale utajipeleka." Na kweli ulijipeleka. Mwenye upinde haangalii mshale, anaangalia anachokitaka. Nilipokwenda kujiandikisha ukurutu nilijua moyoni kwamba kulenga ni jambo la ukoo wetu, labda watanifanya mkufunzi wiki ya kwanza.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa. Ndengu zilichanua zikakauka na maua yake, ng'ombe wakaisha mmoja mmoja, na mama akabaki na wadogo zangu na mbuzi wachache waliokuwa wanakula hata kamba walizofungiwa. Kitu pekee ambacho nyumba yetu ilikuwa nacho cha kutegemea kilikuwa mimi. Jumapili kabla ya kuondoka, kanisa zima lilisimama, pasta akaniwekea mikono kichwani, akaomba hata risasi moja yangu isipotee.

Zilipotea zote.

Nililala pale kwenye uwanja, nikaikazia macho karatasi ile nyeupe iliyotoka makao makuu, yenye maduara na namba kuzunguka doa jeusi, nikatazama katikati mpaka nikaona wino wa namba tisa ulivyovuja kidogo pembeni. Nikavuta. Risasi moja ikaenda kushoto, nyingine kulia, nyingine ikapiga mchanga, na moja mpaka leo hakuna anayejua ilikoenda. Wenzangu waliotoka nyumba za upinde walikuwa na shida ileile. Vijana waliolelewa nyuma ya kaunta za maduka, ambao hawajawahi kumpiga hata mjusi kwa jiwe, walitupita wote. Usiku nililala nikisikia wakicheka na nikajua wana haki ya kucheka.

Nilipojaribiwa mara ya pili ikawa vilevile. Inspekta wetu hakuwa mtu mbaya. Aliniita kando, akavua kofia, akasema kwa upole, "Musyoka, Ijumaa ijayo ndio mwisho. Ukikosa tena, hiyo lori ya maji ikienda Kitui utapanda nayo. Mimi sitaweza kukusaidia."

"Sawa, afande."

"Si ulisema kwenu nyinyi ni watu wa kulenga?"

"Ni watu wa kulenga, afande."

Akavaa kofia yake akaenda. Moyoni nilimwona mama akitoka nje kuangalia nani ameshuka kwenye lori la maji.

Sasa niwajulishe Koplo Nzioka, kwa sababu bila yeye hadithi yangu ingeishia kwenye lori hilo. Alikuwa mtu wa kijiji cha Tulia, mwembamba, aliyerudi kutoka vita vya Wazungu na kikohozi na mapenzi makubwa ya chai ya tangawizi. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza shabaha kabla yangu. Kazi yake ilimweka kule mbele, ndani ya handaki chini ya karatasi, na watu walipomaliza kupiga alitoka kuhesabu matundu. Kwa hiyo hakuwahi kutuona tukilenga. Aliona matundu tu. Lakini kwa matundu alijua nani anaogopa mlio, nani ana haraka, nani amegombana na mkewe.

Alikuwa na vita vyake mwenyewe, na mbuzi. Gundi yetu ilikuwa uji wa mahindi uliochemshwa mpaka ukavutika, tukaupaka juu ya gunia lililonyooshwa kwenye fremu ya milingoti ya mkonge. Mkonge ni mzuri, mkumbuke hilo: ni mwepesi, na risasi hupita ndani yake bila kuupasua kama inavyopasua mbao. Basi, wakati wa kiangazi mbuzi wa jirani mmoja, Mama Kavata, waligundua kwamba shabaha zetu ni chakula. Tukienda kula mchana, wao pia wanakula. Siku moja Inspekta alirudi akakuta shabaha zote zimeliwa, na beberu mmoja ana namba saba imemning'inia mdomoni.

Nzioka alikwenda kulalamika. Mama Kavata akamsikiliza, akamkaribisha kiti, akamwambia, "Koplo, mbuzi yangu imekula uji. Nani aliweka uji kwa karatasi? Ni mbuzi?"

Nzioka alirudi akatwanga majani ya mwarobaini, akayachanganya kwenye gundi. Beberu alilamba mara moja, akaondoka akitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari mbaya, na hatukuwaona tena. Tangu siku hiyo sijawahi kuchemsha gundi bila mwarobaini, na mchwa pia hawaupendi.

Jioni baada ya Inspekta kuzungumza nami, Nzioka alinikuta nimekaa karibu na gudulia la maji. Alikuwa ameshika karatasi yangu ya siku ile, yenye matundu kila pembe.

"Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Wewe si mwoga," akasema. "Mwoga anapiga chini. Na huna haraka. Wewe unapiga kila mahali, kama mtu anapanda mtama. Kwenu kuna upinde?"

Nikashangaa. Nikamwambia habari za babu, za kanga na unyoya mmoja. Alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akacheka, akakohoa tena.

"Babu yako alikufundisha vizuri. Shida ni hii karatasi. Inakuita, na wewe unaenda. Kesho asubuhi kabla ya chai, kuja."

Asubuhi nilimkuta amebandika karatasi ileile ya makao makuu, lakini ameigeuza. Upande wa nyuma ulikuwa mtupu, wa kijivujivu, haukuwa na duara wala nukta. Alikuwa amewasha koroboi, na akapitisha moshi wake mweusi juu ya kijino cha bunduki mpaka kikawa cheusi tititi, kisichong'aa hata kidogo.

"Piga."

"Nipige wapi?"

"Kwa karatasi."

"Wapi kwa karatasi, Koplo? Hakuna kitu hapo."

"Ndiyo. Hakuna kitu. Sasa utaangalia nini?"

Nikalala. Jicho langu likaenda kwenye karatasi kama lilivyozoea, likatafuta unyoya, likakosa. Likazunguka kama mgeni aliyefika nyumba isiyo na watu. Risasi ya kwanza nikaipiga hivyo, ikaenda pembeni. Halafu jicho, kwa kukosa pa kukaa, likarudi lenyewe karibu, likakikuta kijino. Kilikuwa kimesimama pale cheusi, kimenyooka, kila pembe yake wazi. Nilikuwa na bunduki ile kwa majuma mengi na ndiyo mara ya kwanza nilikiona. Nikavuta polepole. Nikavuta tena na tena.

Nzioka akaenda kuitoa karatasi, akairudisha, akanipa. Tundu la kwanza lilikuwa peke yake karibu na ukingo. Mengine yote yalikuwa pamoja, kiganja changu kingeyafunika.

Nililia. Sioni sababu ya kuwaficha. Nilikuwa nimebeba nyumba nzima mgongoni, na mtu huyu mwembamba alikuwa ameniambia tuishushe pamoja. Yeye alijifanya anaitafuta koroboi yake mpaka nikamaliza.

Tulifanya hivyo kila asubuhi kabla ya chai. Lakini mtihani ulikuwa wa karatasi ya kweli, upande wenye maduara, na Nzioka hakuwa mtu wa kupindisha sheria. Siku ya Alhamisi nilimuuliza, "Na kesho, Koplo? Kesho itakuwa na namba."

Akanywa chai yake kwanza.

"Ukiwa mtoto, mama yako alikuambia nini? Ukiwa msituni jioni, usikie jina lako linaitwa, na hujui ni nani anaita?"

"Alisema nisiitike."

"Basi. Kesho karatasi itakuita. Usiitike."

Ijumaa jua lilikuwa kali, na karatasi ile nyeupe ilimetameta mpaka ikaumiza macho. Nililala chini. Upande wa barabara nilisikia lori la maji likipashwa moto, sijui kama lilikuwa linaningoja mimi. Namba tisa ikaniita. Iliniita kwa jina langu na la babu yangu. Nikakitazama kijino. Kule mbele karatasi ikawa wingu jeupe lenye kivuli cheusi katikati, nikakiweka kijino chini ya kivuli hicho, nikakitazama, nikakitazama, nikavuta.

Baada ya muda kofia ya Nzioka ilitokeza juu ya handaki. Kwa kawaida alionyesha alama kwa kijiti, bila kupoteza muda. Siku hiyo aliivua kofia akaipunga. Inspekta akasema, "Koplo, hiyo ni alama gani?" lakini naye alikuwa anatabasamu. Lori lilikwenda Kitui na mapipa yake tu. Mwisho wa mwezi mama alipokea gunia la mahindi, na kanisani walisema ni maombi. Mimi pia nasema ni maombi, na Mungu akaamua kuyajibu kwa mkono wa Nzioka.

Alipokaribia kustaafu, kifua kikiwa kimemchosha, aliomba nipewe kazi yake. Wenzangu walinionea huruma, kwa sababu mlinzi wa kweli alikuwa nje porini akifuata nyayo za majangili, na mimi nilikuwa napika uji. Sikujuta hata siku moja.

Nilijifunza mengi, na mengine naweza kuwapa hapa bure. Doa jeusi la katikati likiwa dogo kuliko kijino, kijino kitalifunika na mtu atakuwa anapiga kwa kubahatisha. Likiwa kubwa kama sinia, hajui katikati ni wapi. Mlaze mtu pale atakapopigia, atazame: doa lizidi upana wa kijino kidogo tu. Jeusi usilipake kwa rangi ya mafuta, litang'aa. Masizi na uji yanatosha. Kwenye jua letu la Makueni, kule kambini, usitumie karatasi nyeupe ya kung'aa saa sita, tumia ya kaki, ile ya mifuko ya sukari, nayo hukatwa na risasi tundu safi la mviringo. Gazeti huraruka, kisha watu wanagombana kama ni tundu moja au mawili. Na ubandike asubuhi kabla ya upepo, kwa sababu karatasi inayopigapiga kama shuka kwenye kamba inamsumbua mtu bure.

Na usichore mnyama. Alikuja bosi mmoja mpya, mtu mchangamfu, akataka shabaha yenye picha ya nyati ili mafunzo yafanane na porini. Tukamwita msanii wa Mtito Andei aliyekuwa akichora mabango ya mahoteli na nyuma za malori. Kijana yule alikuwa na mkono wa ajabu. Alimchora nyati mwenye kope, na kwa mazoea ya kuchora watu wakifurahia chapati, akamfanya atabasamu. Makurutu wote walimtazama machoni na wote wakamkosa. Nyati aliondoka mzima bila hata tundu moja, na bosi mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi. Alimtundika kwenye chumba cha kulia, tukala naye miaka mingi.

Siku hizi kuna darubini, jicho linaweka shabaha na alama mahali pamoja, na mengi ya haya hayahitajiki. Ni vizuri. Sisi hatukuteseka ili nanyi mteseke. Lakini kila kurutu aliyeletwa kwangu amevunjika moyo, nilimgeuzia karatasi. Wengi walikuwa watoto wa upinde kama mimi. Nilimuuliza kila mmoja swali lilelile kuhusu msitu na jina lake, na hakuna hata mmoja ambaye mama yake hakuwa amemwonya.

Mwaka niliostaafu nilifunga safari kwenda Tulia. Nzioka alikuwa bado hai, ameketi nje ya nyumba yake akiota jua, na macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Nilikuwa nimeleta majani ya chai, tangawizi, na ile karatasi ya asubuhi ya kwanza, niliyokuwa nimeiweka ndani ya Biblia miaka yote.

"Nani huyo?"

"Ni Musyoka. Wa Kyuso."

"Mtu wa kanga!" Akacheka, akakohoa. "Kaa hapa karibu. Sikuoni, naona wingu tu. Miaka yote nilikuwa naambia watu waache shabaha iwe ukungu. Sasa dunia yote imekuwa shabaha nzuri."

Nikamwekea karatasi mapajani. Aliipapasa kwa vidole vyake virefu, polepole, akitafuta kingo za matundu zilizochomoza upande mmoja. Alilipita lile la ukingoni, akarudi, akalishika.

"Hapa ulikuwa bado unaangalia karatasi."

"Ndiyo, Koplo."

Vidole vikasogea mpaka pale matundu yalipokuwa pamoja, vikatulia. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, kuhusu mama aliyeshiba, wadogo zangu waliosoma, watoto wangu, na makurutu wote niliowageuzia karatasi. Mwishowe nilishukuru kwa Kikamba chetu tu: "Ni muvea, Koplo. Ni muvea muno."

"Mimi niligeuza tu karatasi," akasema, lakini hakuutoa mkono wake pale kwenye matundu.

Tulikunywa chai mpaka jua likageuka. Nilipoaga nilimwachia karatasi, nikashika njia ya kwenda sokoni kutafuta gari. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa miiba, mahali ambapo hangeweza kuniona hata kama angekuwa na macho, nikasikia kikohozi, kisha jina langu.

"Musyoka!"

Nikasimama, nikaitika kwa sauti yangu yote.